Mfunga Mkia

Twaanzia Limbani, tukisha kuswali Alfajiri,
viatu vya kila namna: vya duka, vya mtumba,
Mgeni Faki na makubadhi aliyoyakaza kwa mpira wa baiskeli,
Raya muuguzi na saa yake mkononi
ikihesabu mapigo ya moyo
kama mtu apimaye karafuu kwa pishi.

Njia ni tatu, na mie ndiye mwenye kuzitaja.
Ya kwanza ni ya miguu migeni: tambarare hadi kisimani,
kijilima kimoja, kama tumbo la mtoto aliyeshiba,
kisha tunageuka.
Hiyo hata aliyekatazwa wali na daktari aiweza.

Ya pili yashuka kwenye mpunga,
yapita ukingoni, mmoja mmoja, mikono tumeitanua kama yangeyange,
halafu yapanda kwa Sleyum, ambako udongo mwekundu
hung'ang'ania soli
mpaka kila mtu akawa mrefu kuliko alivyotoka kwao.

Ya tatu, tusidanganyane, ni ya wenye wazimu.
Vilima saba. Cha saba hakina jina,
kwani hajafika mtu juu yake
akabakiwa na pumzi ya kukiita.

Zamani hiyo ndiyo iliyokuwa yangu.
Nilitangulia, shingo mbele kama jogoo.
Sikuiona Pemba, niliiona saa.
Mpaka msimu ule wa mavuno,
nikikwepa jamvi la karafuu lililoanikwa kando ya lami,
umande ukanivuta mguu, goti likazunguka peke yake.
Haikumwagika hata chembe moja.
Mwenye jamvi alilitazama jamvi kwanza,
kisha akanitazama mie.

Ndipo nikapewa kazi ya kufunga mkia:
nikimbie nyuma ya wa mwisho, nisimpite,
nisimwambie "bado kidogo" ilhali bado sana.

Na huku nyuma kuna mambo.
Mabonde yatoa mvuke kama chungu kilichofunuliwa.
Doriani limeanguka usiku, harufu yake imekaa njiani haitaki kupisha.
Kuna bibi aokotaye makonyo, kila siku hutuuliza:
"Mwakimbizwa na nani?"
Na Mgeni kila siku ana jibu jipya.
Jana ilikuwa sukari. Juzi, deni la dukani.

Leo wa mwisho alikuwa Bikombo,
miaka sitini na mbili, mara yake ya kwanza njia ya pili.
Katikati ya mpando wa Sleyum akaketi juu ya jiwe,
akajifuta uso kwa ncha ya kanga.
"Niache, mwanangu. Nenda."
Nikamwambia kazi yangu hainiruhusu.
Nikaketi.

Akavua kiatu, akakikung'uta, kikubwa mno kwake,
ndani kimejazwa vitambaa.
"Vya Mbarouk hivi. Aliviacha alipokwenda Maskati.
Alfajiri zote zile akitoka nyumbani simuulizi.
Sasa miguu yangu yataka kujua
alikuwa akienda wapi."

Sikuwa na neno.
Chini yetu wenzetu walikwisha kuwa rangi tu
zikiingia na kutoka katika migomba.

Tulipanda kwa kutembea. Hatua kumi, pumzi.
Hatua nane, pumzi.
Hatua sita, na hapo akanicheka mie, si yeye.
Juu palikuwa na upepo, mbuzi aliyefungwa kwenye kisiki,
na bonde zima likiwa bado nusu giza.
Bikombo akasimama, akageuka huku na huku.
"Kumbe ni hapa tu," akasema.
Akakaa kimya kitambo.
"Pazuri lakini."

Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma,
na goti langu likaanza ngoma yake hatua ya pili tu.
Yeye ndiye aliyenishika kiwiko,
viatu vya Mbarouk vikipiga pwa, pwa, pwa,
hadi kwenye mpunga.

Tulikuta chai imekwisha,
wametubakishia mofa mbili zimefunikwa kwa jani la mgomba.
Tumekula.
Na hadi sasa twabishana
nani kati yetu aliyefika wa mwisho.